Mtoto Ni Amana: Nimkabidhi Nani?



Kila mara ninapowafundisha wazazi wanaotayarisha ubatizo wa watoto wao, huwauliza swali moja: "Mtoto huyu ni wa nani?" Wengine hujibu, "Ni wetu." Wengine, waliozoea katekisimu, hujibu, "Ni wa Mungu." Majibu yote mawili ni ya kweli. Lakini siku moja mama kijana, mchuuzi wa soko la Kadutu, alijibu namna nyingine. Alisema: "Mwalimu, tangu alfajiri mpaka jioni mtoto wangu ni wa yule ninayemwachia." Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ya jambo lililotupata nyumbani mwetu, nami nataka kuwasimulia leo.

Mnajua maisha ya Bukavu yalivyo. Mama wengi huondoka nyumbani kabla jua halijatoka. Huyu anapanda kwenda Kadutu, yule anakwenda Nyawera, mwingine anavuka Ruzizi kwenda kununua vitu Kamembe na kurudi navyo kichwani. Wasipokwenda, chungu hakikai motoni. Basi mtoto mdogo hubaki na nyanya yake, au na jirani, au na msichana aliyeletwa kutoka kijijini, au na dada yake ambaye naye bado ni mtoto. Wazee wetu walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana, nao walisema kweli.

Lakini wako watoto ambao kijiko kimoja cha chakula kizuri, kilichopikwa kwa upendo, kinaweza kuwaua. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo hulala na swali moja na huamka nalo: Nimkabidhi nani? Na swali hilo huzaa la pili, ambalo ni la dhamiri: Mtu wa kuaminika ni mtu gani? Je, ni yule mwenye moyo mwema tu?

Jambo lililotupata

Mtoto wetu alikuwa na umri wa miaka miwili. Mke wangu alikuwa sokoni na nguo zake za mitumba, nami nilikuwa katika mkutano wa makatekista. Tulimwacha kwa jirani, mjane wa makamo, mtu wa shirika letu, asiyekosa sala wala kazi ya kusaidia wagonjwa. Saa sita mama huyo alipakua bugali na sombe. Sombe ile alikuwa ameitia karanga zilizotwangwa, kama wapishi wengi wafanyavyo ili iwe tamu. Akawagawia wajukuu wake na mtoto wetu, kila mmoja sehemu iliyo sawa.

Sahani hazijaoshwa bado, midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, ngozi imejaa mabaka mekundu, kifua kinalia kama filimbi. Mjane hakungoja shauri la mtu. Alimfunga mgongoni, akapanda pikipiki, akamfikisha katika kituo cha afya. Mwuguzi alimtazama mara moja tu, akachukua dawa ya adrenalini, akamchoma sindano pajani. Baada ya dakika chache mtoto alianza kupumua vema.

Mimi niliitwa kwa simu. Nilipita kwanza nyumbani kuchukua fedha, nikakuta uani watu wengi wamesimama. Hakuna aliyesema "ugonjwa." Walisema neno ambalo sisi wa Kivu tunalijua na tunaliogopa: karuho, yaani sumu. "Mwalimu, tulikuwa tunamwona mwanamke yule na macho yake." "Mwalimu, usikanyage tena kwake."

Ndugu zangu, nilisoma falsafa katika seminari. Amri ya nane nawafundisha wengine kila mwaka. Hata hivyo niliamini. Kwa muda wa saa tatu niliamini moyoni mwangu kwamba mjane aliyembeba mtoto wangu mgongoni ndiye aliyetaka kumwua. Nilipofika kituoni sikumsalimu. Alisimama, akaniambia kwa sauti ndogo: "Mwalimu, nilimpa kile nilichowapa wajukuu wangu." Sikumjibu.

Jioni mwuguzi alituita, mke wangu na mimi. Alituuliza: "Kabla ya leo hamjaona alama yoyote?" Mke wangu alinitazama. Mimi nilitazama chini. Tulikuwa tumeona. Miezi miwili kabla ya siku ile mtoto alikuwa ameramba karanga za sukari, akatokwa na vipele kuzunguka midomo, akatapika. Tuliona, nasi tukanyamaza. Tuliogopa watu wasiseme kwamba mtoto wa katekista ana ugonjwa wa ajabu. Tuliogopa pia kwamba yule jirani atakataa kumpokea, na mke wangu atakosa kwenda sokoni.

Huu ni ugonjwa gani?

Waganga huuita mzio. Hapa mjini wengi hutumia neno la Kifaransa, alerji. Neno hilo lilitungwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet, wa mji wa Vienna. Mwili wa mtu una walinzi wake, wanaopigana na vijidudu vya ugonjwa. Katika watu wengine walinzi hao hukosea: wanakiona chakula chema kuwa ni adui, wanakipiga vita, na vita hiyo humwumiza mwenye nyumba mwenyewe. Vyakula vinavyoleta shida hiyo mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, samaki, ngano na soya. Tazameni, vyote ni vyakula tunavyowasifia akina mama kwamba vinajenga mwili wa mtoto.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba alama ya kwanza yaweza kuwa ndogo, na ya pili ikawa kubwa. Wataalamu wawili Wafaransa, Charles Richet na Paul Portier, walilitambua jambo hilo mwanzoni mwa karne iliyopita. Walikuwa wanawapa mbwa sumu kidogo ya mnyama wa baharini, wakitumaini kwamba miili ya mbwa hao itaizoea. Badala ya kuizoea, mbwa aliyevumilia mara ya kwanza alikufa upesi kwa kipimo kidogo cha mara ya pili. Walilitangaza jambo hilo mwaka 1902, naye Richet alipewa tuzo la Nobel mwaka 1913. Basi mzazi aliyeona vipele vidogo asiseme, "Vimepita." Akae na kukumbuka: mtoto alikula nini?

Tusikosee hapa na kuzichukia karanga. Mwaka 1996 huko Ufaransa daktari André Briend na wenzake walitengeneza rojo laini la karanga, maziwa, sukari, mafuta na vitamini, ambalo hutiwa katika pakiti ndogo. Chakula hicho kimewaokoa watoto wengi sana wenye utapiamlo katika Afrika, na mama wa Kivu wanakijua. Tena mwaka 2015 waganga wa London walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Waliopewa vyakula vya karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache zaidi kuliko walionyimwa. Kwa hiyo asiwepo mama atakayewanyima watoto wake wote karanga kwa ajili ya habari yangu hii. Lakini mtoto ambaye alama zimekwisha kuonekana kwake, huyo asijaribiwe nyumbani. Apelekwe kwa mganga.

Hapo kuna fundisho. Pakiti ile inayomwokoa mtoto mmoja inaweza kumwua mwingine aliyelala kitanda cha pili. Kumtendea mtu wema si kumpa kile ulichompa kila mtu. Mjane wetu aligawa sawa, na kugawa sawa ni haki. Lakini kwa mtoto wetu haki ile ilikuwa na mauti ndani yake, bila yeye kujua.

Nani ana kosa?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba ujinga si wa namna moja. Uko ujinga ambao mtu hawezi kuushinda kwa bidii yake. Huo hauna dhambi. Uko ujinga wa uzembe, wa mtu asiyejifunza jambo analopaswa kulijua. Na uko ujinga wa kujitakia, wa mtu anayeziba masikio makusudi ili asijue. Huo huongeza hatia badala ya kuipunguza.

Sasa tuwapime wale waliokuwamo katika habari yangu.

Mjane hakujua, wala hakuwa na njia ya kujua. Hana kosa hata kidogo. Tena alipoona hatari alitenda upesi kuliko watu wote.

Watu wa uani hawakujua, lakini walisema kana kwamba wanajua. Kosa lao si ujinga, ni hukumu ya haraka. Ni kosa kubwa katika nchi yetu, maana neno "sumu" likisha kutamkwa halirudi kinywani. Limewafukuza wajane katika nyumba zao na kuwatenga ndugu wa tumbo moja. Sisemi kwamba hapana watu wabaya duniani. Nasema kwamba mtu mwenye dhamiri hamtaji mwuaji kabla hajauliza kama kuna aliyeuawa, na kwa kitu gani.

Na sisi wazazi? Sisi hatukuwa wajinga. Tulijua, tukaficha. Nami, juu ya kuficha, nilimhukumu mtu mwingine kwa kosa lililokuwa langu. Ni rahisi kumtafuta mchawi nje wakati mwongo amekaa ndani. Nilikwenda kuungama, lakini padri aliniambia jambo nililokwisha kulijua: maungamo hayanifungulii mlango wa jirani. Mlango ule ilinipasa kuubisha mwenyewe.

Amana ni nini?

Tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili kuamini, imani, uaminifu na amana ni ndugu wa ukoo mmoja. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwa mwingine, ili akitunze na kukirudisha salama. Kwa hiyo katika kila amana wako watu wawili: anayeweka na anayepokea. Sisi tumezoea kumchunguza yule anayepokea: Je, ni mwizi? Je, ni mvivu? Je, anapenda watoto? Mara chache tunamchunguza anayeweka.

Nikikuachia chupa ya petroli, nisikuambie ni kitu gani, nawe ukaiweka karibu na mbabula, nyumba ikaungua, je, nitakwenda kukushitaki? Watu wataniambia, "Wewe ndiwe uliyeichoma nyumba." Vivyo hivyo mzazi anayemwacha mtoto bila kusema ukweli wote, hakuweka amana, ameweka mtego. Na akimwachia mtoto msichana mgeni, anayeogopa kuuliza, mtego huo huwashika wawili, mtoto na mlezi.

Basi wajibu wa kwanza ni wa mzazi: aseme. Aseme chakula chenyewe kwa jina, na vyote vinavyotoka katika chakula hicho. Anayekatazwa karanga amekatazwa pia mchuzi uliotiwa unga wake na andazi lililokaangwa katika mafuta yake. Anayekatazwa soya asipewe uji wa masoso, maana ndani yake mna mahindi, mtama na soya. Aseme alama za hatari: kuvimba midomo au macho, vipele vya ghafula, kukohoa na kukosa pumzi, kutapika, kulegea. Aseme la kufanya: kumlaza mtoto, akishindwa kupumua alalapo, kumwinua aketi, kutomsimamisha wala kumtembeza, kutomtilia kitu kinywani, wala maziwa wala mawese, kwa kudhani ni sumu, kumpeleka mbio mahali penye sindano. Na hata akipata nafuu asirudishwe nyumbani mara moja, kwa sababu shida yaweza kurudi baada ya saa chache.

Nanyi wazazi, msingoje siku ya hatari ili mjue kama kituo chenu kina dawa. Adrenalini si dawa mpya wala ya kitajiri. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Nendeni leo, mkaulize kwa adabu: "Je, mnayo? Na usiku nani anaishika?"

Mlezi wa kuaminika

Sasa turudi kwenye swali letu. Nimkabidhi nani? Baada ya yaliyotupata, mimi naona alama nne.

Alama ya kwanza: ni mtu anayeuliza. Mtu anayekujibu upesi, "Usiwe na wasiwasi, mimi nimelea watoto wanane," anaweza kuwa na moyo mzuri, lakini hajakusikia. Moyo mwema bila masikio haumtoshi mtoto huyu. Anayeuliza, anayerudia maneno yako ili ajue kama ameyashika, huyo ameanza kuibeba amana.

Alama ya pili: ni mtu anayekubali kusadiki asiloliona. Karanga ni chakula chetu cha kila siku. Kumwambia mzee aliyekula karanga tangu utoto kwamba punje moja inaweza kumwua mtoto, ni kumwomba aamini neno kinyume cha yale aliyoyaona maisha yake yote. Wengi watajibu, "Kidogo tu hakidhuru." Wengine, hasa nyanya na mashangazi, watataka kumzoesha mtoto kwa siri, kwa sababu wanampenda. Huo ndio ujinga wa kujitakia niliousema: mtu ameambiwa, amekataa kuambiwa. Mama yangu mzazi mwenyewe alinijibu hivyo mwanzoni. Sikumtukana, maana mama ni mama. Lakini mpaka siku aliposema, "Haya, mwanangu, nimesadiki," sikumwachia mtoto peke yake. Alihuzunika, nami nilihuzunika. Lakini heshima kwa mzazi haidai kumweka mtoto katika hatari ya mauti.

Alama ya tatu: ni mtu anayeweza kusema, "Nimekosa." Hapa nataka tukae kidogo. Mlezi mwema kuliko wote siku moja atakosea. Atageuka, na mtoto wa jirani atamtia mwenzake andazi kinywani. Katika saa ile uzima wa mtoto unategemea jambo moja: je, mlezi atapiga kelele au ataficha? Na jibu la swali hilo, wapenzi, mara nyingi halimo ndani ya mlezi. Limo ndani yetu. Tazameni jinsi tunavyowatendea wasichana wanaotutumikia nyumbani. Sahani ikivunjika, anatukanwa. Sukari ikipungua, mshahara unakatwa. Analala wa mwisho, anaamka wa kwanza, anakula mabaki. Amejifunza nini katika nyumba hiyo? Amejifunza kwamba kusema kweli kunaumiza, na kuficha kunaokoa. Halafu tunamkabidhi mtoto ambaye kufichwa kwa kosa dogo, kwa muda wa robo saa tu, kunatosha kumwua! Nyumba inayomtisha mlezi inamfundisha uongo kila siku, kisha inastaajabu kuona yeye ni mwongo. Kumlipa mlezi haki yake, kumpumzisha, kumsemesha kama mtu, si hisani. Ni sehemu ya ulinzi wa mtoto wetu.

Alama ya nne: ni mtu mwenye nguvu za kuubeba mzigo huo. Dada wa miaka tisa anaweza kumbembeleza mdogo wake. Hawezi kusimama mbele ya mama mzima na kukataa sahani. Maandiko Matakatifu yanatusimulia habari ya dada yake Musa, aliyesimama mbali akikiangalia kikapu mtoni. Alikuwa mwerevu na mwenye upendo. Lakini alipoona mtoto ameokotwa, alikimbia kumwita mama yake. Kazi ya mtoto ni kuita. Kazi ya kujibu kwa uzima wa mwenzake ni ya mtu mzima.

Tena jihadharini na mlezi aitwaye "watu wote." Mnakumbuka Yosefu na Maria walivyorudi kutoka Yerusalemu: kila mmoja alidhani mtoto yumo katika msafara, pamoja na ndugu na rafiki, wakaenda mwendo wa siku nzima kabla ya kujua kwamba hayumo. Hilo halikuwa dhambi kwao, bali kwetu ni onyo. Katika arusi, katika matanga, katika sikukuu ya Komunyo ya kwanza, watu ni wengi na vyakula ni vingi, kila mtu anadhani mwingine anamtazama. Mtoto mwenye mzio awe na mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, ambaye siku hiyo ndiye mlinzi wake.

Na mji wetu umepata siku zilizo mbaya kuliko sikukuu. Oktoba 1996, na tena mwaka 2004, na tena Februari 2025, vita viliingia Bukavu, na mtoto aliyekuwa nje alivutwa ndani ya nyumba iliyo karibu, hata kama ni ya mgeni. Siku hiyo hapana nafasi ya kueleza. Kwa hiyo nawashauri wazazi: andikeni maneno machache, "Asipewe karanga, zitamwua," au chakula kingine chochote kinachomdhuru, mkashone andiko hilo katika nguo ya mtoto. Mtoto mwenyewe akianza kusema, mfundisheni sentensi hiyo pamoja na jina lake na jina la baba yake.

Majibu kwa wanaobisha

Wako wanaosema: "Zamani tulikula kila kitu, na magonjwa haya hayakuwako." Mimi naona si ajabu kwamba yalikuwako, ila yaliitwa kwa majina mengine: sumu, uchawi, jicho baya.

Wako wanaosema: "Mungu atamlinda." Ni kweli, Mungu hulinda, na mara nyingi hulinda kwa mikono ya watu. Lakini Bwana wetu alikataa kujitupa kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake. Busara ni fadhila, haipingani na imani.

Wako wanaosema: "Kukataa chakula cha jirani ni dharau." Hapo nawaelewa, kwa maana kwetu kugawana sahani ni kugawana undugu. Basi mzazi atangulie na neno la adabu: "Mama, si chakula chako kilicho kibaya, ni mwili wa mtoto wangu usiokiweza." Na jirani naye asikasirike. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunaouona ni mwepesi ndio unaomlaza mtu macho usiku kucha.

Na wako wazazi ambao, kwa hofu, hawataki kumwacha mtoto kwa mtu yeyote. Nawahurumia, kwani nasi tulikaa hivyo mwezi mzima. Mke wangu hakwenda sokoni, mtoto hakucheza na wenzake, na nyumba ikawa kama gereza. Lakini mtoto asiyekabidhiwa kwa mtu hatajifunza kamwe kwamba duniani kuna watu wa kuaminika. Mama yake Musa alimweka mtoto wake mtoni, lakini kwanza alikipaka kikapu lami. Kukabidhi ni lazima. Kupaka lami ni lazima pia.

Mlango wa jirani

Namaliza na mjane wetu. Siku ya nne nilikwenda kwake pamoja na mke wangu. Nilimwambia yote: kwamba tulijua na tulificha, na kwamba nilimdhania vibaya. Kisha Jumapili, katika mkutano wa shirika, nilisema hayo hayo mbele ya wale waliotamka neno karuho, kwa sababu jina lililochafuliwa hadharani husafishwa hadharani.

Lakini siku ile nyumbani kwake alininyamazia muda mrefu. Nilidhani atatufukuza, naye angekuwa na haki. Halafu alisema: "Mwalimu, nieleze vizuri. Ni karanga peke yake, au na kinu nilichozitwangia? Nikikiosha kinatosha, au nitafute kingine?"

Sisi wazazi hatukuwa tumekifikiri kinu. Mwuguzi alipoulizwa alisema ni vema kutafuta kingine. Tulikinunua sisi, tukakipeleka kwake, na hata leo kimesimama karibu na mlango wake. Asubuhi mke wangu anapokwenda sokoni, mtoto wetu anabaki kwa mama huyo.

Basi, ndugu wasomaji, kila mmoja ajiulize mambo mawili. Wewe unayekabidhi: je, umesema ukweli wote? Nawe unayekabidhiwa: je, umeuliza?